Nusu ya Chini ya Barua Yako

Baba,

Kamwene. Nimeanza kwa Kibena na najua ungenirudisha. Ulikuwa ukisema barua ikianza kwa Kiswahili imalizike kwa Kiswahili, na ya Kibena vivyo hivyo, mtu asichanganye kama anayepanda mahindi na ulezi kwenye tuta moja. Lakini leo sikujua nianze vipi, na salamu hiyo ndiyo iliyokuja.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Mvua zimeanza. Miti ya miwati uliyoipanda nyuma ya nyumba hapa Mjimwema imenifika kifuani. Mama hajambo, ila kila Jumamosi jioni anakutengea sahani, kama vile lori la Makambako litakushusha barabarani na utaingia ukilalamikia vumbi. Sahani inakaa mpaka chakula kinapoa, kisha anaifunika. Hatuulizani.

Nakuandikia kwa sababu nina swali, na kila aliye hai ninayemuuliza ananijibu lake. Ile nusu ya chini ya barua, uliiandika wewe?

Nieleze yaliyotokea, maana hukuwepo. Siku ya nne baada ya mazishi, watu walipokuwa bado wamekaa, baba mdogo Yotamu aliomba sanduku lako lililoletwa kutoka chumba ulichopanga Makambako. Alisema ni vizuri lifunguliwe mbele ya wote. Nguo zilikuwa chache. Chini ya nguo kulikuwa na lile kasha la mbao, na ndani ya kasha kalamu zako, na chini ya kalamu barua iliyokunjwa mara mbili yenye jina lake yeye.

Barua hakuisoma mara moja. Alianza na kalamu. Alikuwa akiinua moja moja kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe, na shangazi akauliza, "Mtu mmoja, kalamu zote hizi? Kwani alikuwa na mikono mingapi?" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Wakaniangalia mimi nieleze, kwa kuwa wewe ulinifundisha wakati wenzangu walikuwa wakifundishwa kusuka mikeka.

Basi nikaeleza. Nilisema kile kijiti cha jiwe cha kijivu ni kalamu yako ya kwanza kabisa, uliyoandikia kibao wakati wa Mjerumani, ulipokuwa mtoto Matembwe. Nikawaambia ulivyokuwa ukifuta kibao kwa mate na kiwiko, na mwalimu akawachapa kwa sababu ya mate, si kwa sababu ya makosa. Nilisema lile tete lililochongwa mdomo ulipewa na yule mzee wa duka Makambako, aliyetoka pwani, aliyekuwa akiandika herufi za Kiarabu kutoka kulia, na kwamba alikuambia watu waliandika kwa tete kabla babu wa babu zake hajazaliwa. Unyoya wa bata bukini nilishindwa kuueleza vizuri. Nilikumbuka tu kwamba wakati wa vita ile ya kwanza nibu za chuma zilikoma kuja, na bwana mchungaji wenu mzee akawachongea manyoya kwa kisu kidogo, na kwamba wino ulikuwa masizi na utomvu. Ulisema unyoya ulikuwa unalia juu ya karatasi. Ulikuwa ukinitolea sauti yake. Sikuweza kuitoa mbele ya watu.

Kisha ile penseli ya zambarau, ambayo ukiilowanisha inageuka wino na haifutiki. Shangazi aliijua hiyo. Alisema, "Ndiyo iliyokuwa inampaka ulimi rangi, tukamwita mla-zambarau." Hiyo uliandikia majina ya wapagazi vitani, nikasema, na hukupenda kuieleza zaidi. Na mpini wa kuchovya wenye nibu ya chuma, ulioushika miaka yote ya ualimu. Na kalamu ya mpira ndani, ya kunyonya wino, waliyokupa ulipostaafu, ambayo ilivuja kwenye mfuko wa koti ndani ya lori hata ukafika Makambako kama mtu aliyepigwa risasi.

Na mwisho akainua ile ya bluu, nyembamba, yenye kijipira mdomoni. Baba mdogo akaniuliza, "Na hii?"

Nikasema hiyo siijui.

Baba, kwa kweli sikuijua. Nilijua unavyozichukia. Uliniambia zimeletwa na watu wasio na subira, kwamba hazina nene na nyembamba, kwamba mstari unaopanda na mstari unaoshuka inafanana kama mapacha, na mtu akisha kuandika kwa hiyo hujui kama ni mwanamume au mwanamke, mgonjwa au mzima. Ulisema, "Kalamu hiyo inampa kila mtu mkono mmoja." Watoto wa shule waliokuja kukusalimu nayo mfukoni walikuwa wanaificha.

Baba mdogo ndipo akafungua barua. Nusu ya juu ilikuwa ya nibu. Niliijua kabla sijafika karibu, kwa ile *n* yako yenye bega nene. Ilikuwa inatetemeka, lakini ni wewe. Akaisoma kwa sauti. Ulimwambia kwamba kuhusu posa yangu mimi, binti yako Rahabu, umekataa mara mbili, na sababu zako anazijua. Kwamba kijana si mbaya, ila ni mtu wa Uwemba, kwa Wakatoliki, na watoto wake watabatizwa huko, na wajukuu zako watakuja kwako Krismasi kama wageni. Ulisema ukifa wewe, yeye Yotamu ndiye atakayekaa na washenga, na kwamba ashike neno lako.

Baba mdogo akageuza karatasi kuelekea mwanga wa mlango. Akasema chini kuna maneno mengine, kwa wino wa bluu.

Maneno matano. *Nimemwona kijana. Mpokeeni kwa amani.*

Hapakuwa na jina chini, wala tarehe.

Sikumbuki vizuri nani alisema nini baada ya hapo. Mama aliniangalia mimi, hakuiangalia karatasi. Karatasi hazimwambii kitu. Mtu mmoja nyuma akasema ashukuriwe Mungu. Lakini shangazi akasema polepole, kama anayehesabu mishono, "Kumbe siku hizi kalamu zinaposa zenyewe." Na baba mdogo akakunja barua akaitia mfukoni, akasema tutaliangalia jambo hili.

Tuliliangalia wiki iliyofuata. Aliniita nyumbani kwake, shangazi akiwepo, na mama. Hakuwa mkali. Unamjua, hata mbuzi akiingia kwenye shamba lake anamwomba atoke. Aliweka meza katikati, karatasi safi, na ile kalamu ya bluu. Akasema, "Mwanangu, watu wanasema. Mimi sisemi, ila wanasema. Andika hapa maneno yale yale, tuone, tuwanyamazishe."

Nilifurahi, Baba. Nilidhani ni njia rahisi. Nikaketi kama ulivyonifundisha, kiwiko juu ya meza, kifundo kimelegea, nikaandika. *Nimemwona kijana. Mpokeeni kwa amani.*

Akaiweka karatasi yangu kando ya yako.

Ilikuwa ile ile. *M* ile ile yenye mguu wa kwanza mfupi. *k* ile ile inayoegemea jirani yake. Hata nafasi kati ya maneno. Nikaangalia mpaka nikaona aibu, kama mtu aliyekutwa amevaa nguo ya mwenzake bila kujua. Nje kulikuwa na ukungu na mtu alikuwa akipasua kuni, na nilisikia shoka likikwama.

Ningewaambia nini? Kwamba nilipokuwa na miaka sita ulinikalisha mapajani, ukaweka mkono wako juu ya mkono wangu, tukaandika pamoja mpaka sikujua nani anaendesha? Kwamba nibu mpya uliilamba kwanza ili kutoa mafuta, ukanipa na mimi niilambe, tukatema wote wawili? Nilijifunza herufi zako kabla sijajifunza maana zake. Kwa nibu, wangetuona tofauti, kwa maana wewe unakandamiza unaposhuka na mimi nakandamiza popote. Kwa kalamu ile ya bluu hakuna kilichobaki cha kututenga.

Shangazi akasema, "Basi amemzaa kabisa." Sikujua kama alinitetea au alinishtaki. Mpaka sasa sijui.

Mimi sikuandika, Baba. Hilo ndilo jambo moja ninalolijua katika yote haya, na nalishika kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Lakini kujua kwamba si mimi si sawa na kujua kwamba ni wewe.

Nilimwuliza Gaudensi, kijana mwenyewe wa Uwemba. Ilinichukua siku nyingi, maana nilikuwa naogopa jibu. Nilimkuta sokoni Njombe, amekuja kununulia shule yao chaki, nikamwuliza pale pale kati ya viazi. Alisema alipita Makambako wiki mbili kabla hujaletwa nyumbani. Alisema hakwenda kuomba. Alisikia unaumwa kifua akakuletea asali. Alikukuta barazani kwa fundi cherehani, pale ulipokuwa ukiwaandikia barua vijana wanaokwenda kwenye mashamba ya mkonge, na kijana mmoja amesimama akingoja barua kwa mke wake, na mkono wako unatetemeka hata nibu haiingii kwenye kidau. Ulikuwa umemwaga wino mara mbili. Basi akatoa ile ya bluu mfukoni, akakuwekea mezani bila kusema. Ulimwandikia yule kijana barua yote. Kisha ulimwambia Gaudensi, "Kalamu yako haina adabu, lakini ina huruma." Akaiacha. Hamkuzungumza habari yangu hata kidogo. Mlizungumza habari za nyuki.

Nikamwuliza, "Na barua ya baba mdogo?" Akasema barua ipi.

Nilimwangalia usoni. Ninampenda, Baba, nisifiche, na uso ninaoupenda siwezi kuusoma sawasawa. Maandishi yake yanalalia kushoto, ndivyo mapadre walivyowafundisha Uwemba. Haya ya chini yamesimama wima. Lakini mtu anaweza kusimamisha maandishi yake akitaka. Ninaandika hili na ninajichukia kwa kuliandika.

Nikaenda Makambako. Nilimdanganya mama nakwenda kulipia chumba. Nilipanda lori la mbao, nikakaa kwenye hiyo baraza siku nzima. Fundi cherehani alinikaribisha chai. Nilimwuliza kama alikuona unaandika kitu kwa kalamu ya bluu zaidi ya barua za watu. Akasema, "Binti, mimi naangalia sindano. Nikiangalia kalamu, kidole kinakwenda." Kisha akasema ulikuwa unaongea peke yako siku zile za mwisho. Nikamwuliza ulisema nini. Akasema Kibena, na yeye ni Mnyamwezi.

Vijana wawili walifika wakiuliza mzee wa barua yuko wapi. Fundi akanionyesha kwa kidevu. Nikawaandikia. Mmoja alitaka mama yake aambiwe amefika salama, na hajafika hata nusu ya njia; nilimwambia hivyo, akasema, "Andika tu, dada, barua itafika baada yangu." Nilifikiri ungecheka.

Niliporudi, baba mdogo alinipa barua yako niiangalie tena mwenyewe, maana nilimwomba. Ninayo hapa sasa, hataki hata kuidai. Nimeigeuza. Nyuma ya nusu ya chini karatasi imevimba, herufi zinasikika kwa kidole kama mbegu chini ya udongo. Aliyeandika amekandamiza sana. Wewe hukukandamiza hivyo kamwe. Ulikuwa ukitugonga vifundo, "Usiilime karatasi." Basi nikasema si wewe. Kisha nikajaribu kuandika na ile ya bluu kwa mkono wa kushoto, ambao unanitetemeka, na nikaona kwamba ukikandamiza sana mtetemeko unakufa. Mtu mwenye mkono unaotetemeka angekandamiza. Basi nikasema ni wewe. Kisha nikakumbuka kwamba mimi pia nakandamiza popote. Na Gaudensi ni mwalimu wa ubaoni, anakandamiza chaki mpaka inavunjika.

Nimezunguka hivyo siku ngapi sijui. Kila dalili ninayoishika ina mlango wa pili nyuma yake.

Na tena, hata kama ni wewe. Kwa nini ulipoacha nibu ndipo uliacha na neno lako? Uliandika nusu ya juu lini? Karatasi haisemi. Labda ulikwisha kuandika kukataa, ukaiweka, ukangoja nguvu, na asali ikaja. Labda nusu ya chini ni ya homa. Kuna saa nawaza kwamba ulimpokea kwa sababu ya huruma ya kalamu, si kwa sababu ya kijana, na huruma hiyo ingepita ukipona. Hukupona. Neno lililopita njiani limekuwa la mwisho kwa sababu tu hapakuwa na jingine.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana karatasi inakwisha na mama ameniita mara mbili.

Juzi baba mdogo alinijia hapa. Alikaa kwenye kiti chako, kisha akakumbuka akahama. Alisema mshenga wa Gaudensi amerudi kwa mara ya tatu na hawezi kumweka nje ya mlango milele. Akasema, "Maandishi yamenishinda. Mimi nilisoma miaka minne tu, kaka ndiye aliyesoma. Lakini wewe ulimjua mkono wake kuliko watu wote. Jumapili baada ya ibada, simama mbele ya wazee wa ukoo, useme kwa kiapo kwamba huu ni mkono wa baba yako. Jioni ile ile nitampokea mshenga. Ukishindwa kuapa, mwanangu, tunabaki na nusu ya juu." Nikamwuliza anawezaje kuniamini wakati karatasi yangu na yako zilifanana. Akasema, "Uongo wa kalamu mimi siujui. Uongo wa kiapo utaujua wewe."

Jumapili ni kesho kutwa.

Ningeweza kuapa. Ni neno moja, *ndiyo*. Mama anataka niape, ingawa hakusema. Ameanza kushona nguo yangu nyeupe na anaificha nikiingia. Gaudensi hajui lolote kuhusu kiapo na sikumwambia, kwa sababu angeniambia nisiape, na ningemtii, na ningekuwa nimemtwisha. Na labda kiapo changu kingekuwa kweli. Labda. Ndiyo shida yenyewe. Ningeapa kwa *labda*, na *labda* si kitu cha kuapia.

Ulinifundisha darasani pale Matembwe, kabla hatujahamia mjini, kwamba mwanafunzi asiyejua aandike *sijui*, wala asibuni. Wenzangu walibuni, ukawapa sifuri. Mimi niliandika *sijui* nikapata sifuri ile ile, nikalia njia nzima. Nilikuuliza tofauti iko wapi. Hukunijibu, ulinishika mkono tu tukavuka mto. Nilidhani ulikuwa umesahau swali. Pengine nawe ulikuwa hujui.

Basi Jumapili nitasimama. Nitasema, wazee, nusu ya juu ni ya baba, naapa. Nusu ya chini sijui ni ya nani, na siwezi kuapa. Kisha kabla baba mdogo hajakunja barua, sitakaa. Nitasema neno ambalo hakuna aliyeniuliza tangu posa ya kwanza, wala wewe hukuniuliza, Baba, nisikufiche. Nitasema mimi Rahabu ninamtaka Gaudensi wa Uwemba. Nitasema kwa Kibena ili hata shangazi asiseme hakuelewa. Nitasema watoto wangu, Mungu akinipa, kila Krismasi watalala katika nyumba hii, siku nyingi kuliko mgeni anavyolala, na mama atachoka nao. Wakikataa, watanikataa mimi ninayesimama mbele yao, wasikukatae wewe usiyeweza kujitetea. Wakikubali, itakuwa kwa neno langu, na nitalibeba mwenyewe likinishinda.

Sijui watasemaje. Baba mdogo atanyamaza sana, na shangazi hatanyamaza.

Ninakuahidi jambo moja tu, maana mengine yote yananichanganya: sitasema juu yako neno nisilolijua. Si kesho kutwa, wala siku watoto watakaponiuliza babu yao alikuwa mtu gani, alikubali au alikataa. Nitawaambia aliandika kukataa, na kwamba chini yake kuna maneno matano.

Pumzika, Baba. Baridi imerudi Njombe, lakini wewe haikupati. Kama ni wewe uliyeandika, nisamehe kwa kutokukuapia. Kama si wewe, nisamehe kwa kuolewa.

Ni mimi binti yako,
Rahabu